Chumvi ya Ng'ombe wa Gedi

Kwenye matanga ya mzee Gedi, mwezi uliopita, mtu mmoja mwenye kanzu safi alishika maikrofoni akasema kwamba marehemu, katika maisha yake yote ya kutembeza ng'ombe kutoka Hulugho hadi Garissa, hakuwahi kupoteza hata ng'ombe mmoja. Watu wakasema mashallah. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa nyuma, sahani ya wali na nyama ya mbuzi mbele yangu, ndizi pembeni kama tunavyokula huku, na nilisikia hasira ikinipanda kutoka tumboni hadi masikioni. Nilitaka kusimama nimnyang'anye yule mtu maikrofoni. Ni kweli, ng'ombe hakupoteza. Alimpoteza mtu. Alimwacha mtu chini kwenye mchanga, mchana wa jua kali, kwa sababu misuli ya mguu ilikuwa imemkaza, na chumvi ambayo ingemsaidia ilikuwa juu ya punda, gunia zima, hatua ishirini kutoka pale. Hilo hakuna aliyelisema. Mzee aliyekaa karibu nami aliniuliza kama chakula kina kasoro, maana nimekunja uso. Nikamwambia chakula ni kizuri. Halafu akanipasha habari kwamba wanamsubiri mtu kutoka Hulugho aliyetembea na marehemu zamani, anaitwa Dubow, na basi lake litafika baada ya adhuhuri. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Dubow ndiye yule mtu wa mchangani. Sijakaa naye mahali pamoja tangu mwaka wa tisini na sita, na sababu yake nitaisema, ingawa ningependa zaidi kuendelea kumtukana Gedi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu kilikuwa kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kikisubiri kazi ambayo haikuwepo. Nililala katika chumba kimoja nyuma ya hoteli mjini Garissa, chumba cha watembezaji ng'ombe. Kuta tatu zilikuwa za udongo na ya nne ilikuwa ya mabati, na upande wa pili wa mabati hayo ndipo zilipokuwa meza za hoteli. Ukijilaza mchana ulisikia kila kitu: vikombe, ugomvi, mvua imenyesha Rhamu, haijanyesha Balambala, nani amemwacha mkewe na nani amerudiwa. Mle ndani palinuka ngozi na jasho na mafuta ya kondoo. Kulikuwa na mikeka minne na msumari mmoja ukutani, na msumari huo ulikuwa wa Dubow peke yake. Alitundika hapo viatu vyake vya akala, vya mpira wa tairi, na ole wako uviguse. Asubuhi tulikula anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Dubow alikuwa na miaka kama ishirini na sita, mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa ameamua kuniita Maalim kwa sababu nilikuwa mtu pekee chumbani aliyejua kuandika barua. Jina hilo lilinishika kabla sijawa mwalimu kweli.

Dubow ndiye aliyenifundisha kutembea. Najua mtu wa gari atacheka. Watu wa ofisini wanadhani kutembea ni kutembea, unaweka mguu huu kisha ule, basi. Watembee wao siku kumi na moja nyuma ya ng'ombe sitini, katika mwaka wa ukame, halafu waje tuzungumze. Kila asubuhi kabla ya chai alinisimamisha mbele ya ule ukuta wa udongo, mikono ukutani, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kimeganda chini, nijisukume polepole mpaka nisikie shavu la mguu likivutika, nihesabu hadi thelathini, nibadilishe. Wenye hoteli walituona wakatucheka, wakauliza kama tunataka kuuangusha ukuta. Alinifundisha kunywa maji kabla kiu haijafika, funda moja, funda moja, wala si kujimwagia nusu jerikeni kwa pupa. Alinionyesha ile michoro myeupe ambayo jasho huiacha mgongoni mwa shati, akaniambia ukiiona hiyo, jua chumvi imetoka mwilini, irudishe: chukua kiasi kinachoshikika kwa vidole viwili, weka ulimini, teremsha na maji. Kamba za viatu zisibane. Ukifika kituoni usijitupe chini hapohapo, zungukazunguka kwanza ng'ombe wakitulia na wewe utulie. Alikuwa na karatasi ya nailoni yenye chumvi yake mwenyewe, ameisokota na kuifunga kwa uzi, na aliitunza kama wengine wanavyotunza hirizi.

Safari yangu ya kwanza, siku ya tatu, nilibanwa na misuli. Kama hujawahi, siwezi kukueleza vizuri. Shavu la mguu linakuwa jiwe, unaliona kwa macho likijikunja chini ya ngozi, na unapiga kelele mbele ya wanaume bila kutaka. Dubow alinilaza chali, akaunyoosha mguu wangu, akashika kisigino kwa mkono mmoja na kwa mwingine akavisukuma vidole vyangu kuelekea muundi, taratibu, akashikilia hapo. "Bole bole, Maalim," aliniambia kwa ule ulimi wetu wa Kisomali unaogeuza p kuwa b kila mara. "Hii kitu usibigane nayo. Wacha ichoke yenyewe. Wewe bumua tu." Ilipolegea alinisugua kwa mafuta ya kondoo kutoka kifundo kwenda juu, akanipa chumvi yake na maji, na baada ya muda mfupi nilikuwa natembea tena. Hakunisema. Juzi tu katika shule ninayofundisha, siku ya matembezi ya wanafunzi, msichana mmoja alianguka ameshika mguu na mwalimu mwenzangu akasema huyo ni mvivu, mwacheni. Nilimfokea mwalimu yule mbele ya watoto, maneno ambayo baadaye nililazimika kuombea radhi ofisini. Niliomba radhi kwa mdomo tu. Mtu anayeita maumivu ya mwenzake uvivu hunirudisha mwaka ule, na nikirudi kule sina adabu.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la kazi ile, au hamtaelewa Dubow alikuwa akipoteza nini. Kati ya watembezaji, mtu aliyeachwa njiani alikuwa amekwisha. Haikujalisha ameachwa kwa ugonjwa, kwa nyoka au kwa homa. Likishasemwa sokoni kwamba fulani aliachwa, hakuna kiongozi aliyemchukua tena, kwa hofu kwamba atawaangusha wengine katikati ya nyika. Hapakuwa na mahakama ya jambo hilo wala mzee wa kulikatia rufaa. Na Dubow alikuwa amefika karibu kabisa na kile alichokitaka tangu utotoni: kuwa kiongozi wa msafara yeye mwenyewe, ashike fimbo ya mbele. Tajiri mwenye ng'ombe alikuwa amemwahidi mbele yetu kwamba akifika salama safari ya tatu ya mwaka ule, ya nne ni yake. Dubow alilizungumza jambo hilo asubuhi na jioni mpaka Noor, mwenzetu wa chumbani, mtu mkimya aliyependa usingizi, akamwomba kwa jina la Mungu anyamaze. Safari hiyo ya tatu ndiyo tajiri aliyompa Gedi aiongoze.

Gedi hakulala chumbani kwetu. Alikuja hotelini alasiri, akakaa meza iliyogusana na mabati yetu, akanywa chai na dalali mmoja kutoka bara. Siku chache kabla ya kuondoka nilikuwa nimelala juu ya mkeka, sauti yake ikanijia wazi kana kwamba ananiambia mimi. Kati yetu tulichanganya Kisomali na Kiswahili, lakini na yule dalali alisema Kiswahili cha sokoni, na hata leo nikimkumbuka Gedi namsikia kwa lugha hiyo. "Ile gunia ya chumvi ni ya mto," alisema. "Siku ya mwisho tunafika mto, ngombe inalamba, inakunywa, tumbo inajaa. Kesho soko, mnunuzi anaona ngombe mnene." Dalali akacheka, akauliza je, njiani? "Njiani hakuna. Mtu akigusa hiyo chumvi, ni kama ameiba ngombe." Dalali akauliza tena, na wale vijana? Kijiko kikagonga kikombe. "Vijana iko mingi," akasema Gedi. Nilibaki nimekodoa macho darini. Mara ile ndiyo ya kwanza maishani mwangu kumsikia mtu akinipima na kuniona kidogo kuliko mnyama, na akifanya hivyo bila chuki, huku anakoroga chai. Nilimwambia Dubow. Akacheka, akanionyesha karatasi yake ya nailoni, safari hii imejaa. "Yake ni ya mto," akasema. "Hii ni ya mguu."

Tulipanda lori hadi Hulugho, tukaondoka huko na ng'ombe tukiwa wanne pamoja na Gedi, na punda wawili. Nyika ilikuwa imekauka hadi miba yenyewe ilionekana kuchoka, na silanga, bwawa la maji ya mvua tuliloltegemea siku ya pili, ilikuwa na matope ya kutosha kulowesha pua za ng'ombe tu. Gedi alikuwa na amri zake. Maji ya watu yalikaa juu ya punda, na tulikunywa mara mbili tu, asubuhi na jioni. "Maji ya njiani inafanya mguu nzito," alisema, na aliliamini kabisa, kama wengi wa watembezaji wa zamani walivyoliamini. Walirithi hilo kutoka kwa watu waliotembea na ngamia wa maziwa, ambao asubuhi walikunywa maziwa bakuli zima na jioni bakuli zima. Sisi tulikuwa na ng'ombe wa kuuza, waliokauka, hata tone hakuna. Chakula kilikuwa ugali na chai ya rangi yenye sukari, na nyirinyiri kidogo, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, ambayo Gedi aliigawa kwa ncha ya kisu. Mguu ukikaza, yeye alikuwa na dawa yake: aliupiga kwa fimbo, ati damu iamke. Nilimwona akimpiga Noor siku ya nne, mapigo matatu kwenye shavu la mguu, na Noor akainuka akachechemea kwa sababu ya kuogopa la nne. Gedi akatutazama kama daktari aliyefaulu.

Siku tano za kwanza nilibanwa karibu kila siku. Ukosefu wa maji ulinipata mimi mapema kuliko wenzangu, na kila mara Dubow alirudi nyuma, akanishika kisigino, akanipa chumvi kutoka kwenye karatasi yake, Gedi akiwa mbele na ng'ombe. Nilimwambia itaisha. Akasema, "Ikiisha imeisha. Wewe ukiachwa, nani ataniandikia barua?" Iliisha siku ya sita. Alikung'uta karatasi kiganjani mwake, akanilambisha mimi zile chembe za mwisho, na karatasi akaitia mfukoni. Naomba msomaji ashike hapo, maana mimi nimejaribu kwa miaka mingi kutoshika hapo. Chumvi ya Dubow iliishia mwilini mwangu.

Siku ya saba asubuhi Noor aliamka na homa, na Gedi akaniambia nifunge mizigo ya punda mimi. Gunia la chumvi lilikuwa na shimo dogo pembeni, la kupitisha kidole. Nilipokuwa nakaza kamba kidole changu kiliingia chenyewe, na nilipokitia mdomoni nilitaka kulia kwa utamu wa ile chumvi. Siku ya nane nilichukua zaidi, nikafunga fundo kwenye pindo la kikoi changu, kiasi cha kujaa kiganja. Nilijiambia nitampa Dubow jioni. Jioni Gedi alikaa karibu nasi. Nilijiambia nitampa asubuhi. Asubuhi mzigo ulikuwa na kazi. Hizo ndizo sababu nilizowapa malaika wangu wawili, wa kulia na wa kushoto. Nyingine ni hii, na inaniuma kuiandika: kwa mara ya kwanza mimi nilikuwa imara na Dubow alikuwa anachechemea. Mimi, Maalim, mtoto wa shule, nilikuwa natembea mbele na bingwa yuko nyuma yangu, na kitu fulani kibaya ndani yangu kilifurahi. Siku ile ya nane niliangalia nyuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tisa, jua likiwa utosini, Dubow alianguka. Miguu yote miwili ilikaza kwa pamoja, mashavu na mapaja, na alijikunja kwenye mchanga wa laga, mto wa msimu uliokauka, akiuma kitambaa cha kichwani ili asilie. Nilimkimbilia, nikaunyoosha mmoja, nikasukuma vidole. Ukalegea, na nilipohamia wa pili ule wa kwanza ukarudi. Jasho lilikuwa limekauka mwilini mwake na ngozi imekuwa na vumbi la chumvi, nyeupe shingoni. Gedi alirudi. Alimpiga. Nilisikia fimbo ikilia juu ya misuli iliyokaza, na sauti ile haifanani na fimbo inayopiga ng'ombe. Dubow akainuka, akapiga hatua kumi, akaanguka. Akainuka tena. Mara ya tatu hakuinuka.

"Adeer," Dubow akamwambia, kwa heshima, kama anavyoambiwa mtu aliye rika la baba, "nipe chumvi kidogo. Kidogo tu, na maji. Wallahi nitawafikia kabla ya jua kuingia."

"Chumvi si yangu," Gedi akasema. "Ni amana."

"Basi nipandishe bunda."

"Bunda ina mzigo."

"Mimi nitaachwa, adeer? Mimi?"

Gedi alitazama ng'ombe waliokuwa wanatawanyika, akaweka jerikeni lenye maji ya robo kando ya mguu wa Dubow, akamwambia soko haingoji mtu, kuna watu wa maziwa wanaopita laga hii, asihame hapo. Kisha akaniita kwa kidole. Dubow alinitazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya lile fundo la kikoi, naikumbuka ile chumvi ilivyokuwa ngumu chini ya vidole vyangu. Gedi alikuwa amesimama, anangoja, fimbo mabegani. Hatua moja ingetosha. Ningeinama nikajifanya namwekea kitambaa, ningeiachilia mkononi mwake. Ningesema wazi, nimeiba, nipige. Badala yake niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, nikasimama, nikamfuata Gedi. Noor alikuwa analia akitembea. Mimi sikulia. Nilikuwa natembea vizuri sana.

Siku ya kumi na moja tulifika Tana. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na ilizaliwa kubwa, haikuwa na utoto. Gedi alitandika ngozi kavu ukingoni, akakata uzi wa gunia, akaimwaga ile chumvi yote. Ng'ombe wakasukumana. Walilamba ngozi, wakalamba mchanga, chumvi nyingine ikamwagika wakaikanyaga kwa kwato na hakuna aliyejali. Kisha wakashuka majini wakanywa mpaka mbavu zilizokuwa zinahesabika zikapotea, wakatoka wakiyumba na matumbo yao kama ngoma. Gedi alitembea kati yao akiwapigapiga ubavuni, anatabasamu. Nilikaa mbali nikamlaani kwa kila laana niliyoijua. Nilimlaani yeye, dalali, tajiri, mnunuzi wa kesho atakayedanganywa kwa maji ya mto. Chumvi ya kutosha watu mia moja imekwenda kumdanganya mtu mmoja kwa asubuhi moja. Nililaani mpaka nikasahau kwamba pindo la kikoi changu bado lilikuwa na fundo. Nilipolikumbuka nilienda mtoni nikalifungua ndani ya maji.

Dubow hakufa. Wanawake waliokuwa wanapeleka maziwa walimkuta jioni ileile, akiwa ametambaa hadi kwenye kivuli. Kwa siku kadhaa walimnywesha supu ya mbuzi yenye chumvi na maji kidogo kidogo. Mmoja wao, bibi kizee, alimkanda miguu kwa mafuta na kumsimamisha akizuia visigino visiinuke, vilevile kama Dubow alivyokuwa akinifanyisha mimi pale ukutani. Alikuja Garissa juu ya lori baada ya wiki mbili. Nilikuwa chumbani, na kabla sijamwona nilisikia kupitia mabati, kwenye meza za hoteli, mtu akisema, "Yule aliyeachwa amekuja." Hivyo tu. Alikuwa amekwisha. Alizunguka kwa viongozi wote wiki nzima, mtu ambaye hakuna aliyemshinda kutembea katika nyika ile, na wote walimkaribisha chai, wakamuulizia hali ya wanawe ambao hakuwa nao, wakazungumza mambo ya mvua. Siku ya mwisho aliingia chumbani akaondoa viatu vyake kwenye msumari. Aliniuliza, "Ulifika salama, Maalim?" Nikasema ndiyo, alhamdulillahi. Akangoja kidogo mlangoni. Nilidhani anatafuta kitu alichosahau. Kisha akaenda.

Safari ya nne Gedi aliongoza tena, akanipa mimi nafasi ya msaidizi iliyokuwa ya Dubow, nikaichukua. Nilitembea mara ile moja na sikuweza tena. Mwaka ulipogeuka nilipeleka cheti changu kilichokunjika kwenye chuo cha ualimu, nikapokelewa, nikawa Maalim kweli. Tangu hapo nimesimulia habari hii mara nyingi, madarasani na kwenye vibaraza, na kila mara nimeisimulia kama habari ya Gedi. Nimewafundisha watoto mamia kunyoosha shavu la mguu, kunywa kabla ya kiu, kulamba chumvi na maji, na kila mara nimemalizia kwa yule mkatili na gunia lake. Fundo la kikoi sikuwahi kulitaja. Hasira ni kitu kizuri cha kujifichia, ina moshi mwingi.

Dubow alifika kwenye matanga baada ya swala ya adhuhuri. Ndevu zake zimepakwa hina, anatembea wima, anafuga mbuzi wachache na kuuza chai huko Hulugho, hivyo ndivyo nilivyosikia wakinong'ona. Alisalimia mkeka kwa mkeka. Alipofika kwangu alinipa mkono, "Kheri, Maalim," kama anavyompa mtu yeyote, akapita akakaa mbele na wana wa marehemu. Sheikh akamaliza dua, kisha akauliza kama inavyoulizwa: ikiwa yupo aliyekosewa na marehemu katika uhai wake, aseme, au amsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Nilijiambia sasa, sasa Dubow atasema, na akisema nitasimama nimuunge mkono, nitawaambia watu hawa Gedi wao alikuwa nani. Dubow akainua mkono.

"Mimi aliniacha njia," alisema. Mkeka wote ukageuka. "Alinitoa kwa kazi yangu. Mimi nimemsamehe. Zamani. Gedi alikuwa Gedi, alinipiga macho wazi, alininyima macho wazi, na hata mimi nilijua yeye ni mtu gani." Wana wa Gedi wakaanza kulia, mmoja akamshika bega. Sheikh akasema alhamdulillahi, lakini Dubow hakuwa amemaliza. "Iko mtu mwingine. Yeye hajakufa. Alikuwa na chumvi kwa bindo ya kikoi, mimi niliona fundo, nikaona mkono yake juu ya fundo. Nilikuwa mlangoni siku moja nikamngoja aseme. Huyo sijasamehe. Siwezi kusamehe mtu hajaniomba."

Hakunitazama. Wengine walitazamana, kila mmoja akijihakikishia si yeye. Yule mzee wa karibu nami aliguna, akaniuliza kwa sauti ya chini ni mtu gani huyo asiye na haya. Nilikuwa nimekuja pale na hasira iliyopangwa vizuri, yote ina jina la mtu aliye kaburini, na ghafla haikuwa na mahali pa kukaa. Nikanawa mikono. Nikapita katikati ya watu, nikichunga nisikanyage sahani zao, nikachuchumaa mbele ya Dubow, wana wa Gedi wakitutazama.

"Nilikuwa nayo," nikasema. "Kiganja kizima."

"Najua hiyo," akasema Dubow. "Endelea."